Mwanangu amenilipia siku tatu kwenye hoteli niliyokuwa natandika vitanda

Habari za kazi dada mshauri. Sijui umri wako, kama we ni mdogo kwangu basi marahaba na kama ni mkubwa shikamoo. Mimi nina miaka 57, naishi Ujiji, watoto watatu wajukuu wawili, mume wangu alitangulia mbele za haki mwaka 2013. Naomba usitaje jina langu wala jina la hoteli maana Kigoma ndogo hii tunajuana wote.

Nilifanya kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa mjini miaka 16, kuanzia 2004 mpaka 2020. Nilikuwa hausikipingi, usafi wa vyumba. Ni hoteli ya vyumba vinavyotazama maji, ukivuta pazia unaiona Tanganyika yote mpaka milima ya Kongo kule ng'ambo, na mimi yale mapazia nimeyavuta asubuhi sijui mara ngapi ila nilikuwa naangalia vumbi kwenye kingo za dirisha, ziwa lenyewe nalipita tu. Wageni wetu wengi walikuwa wa kwenda Gombe kuangalia sokwe, wanarudi wamechoka na viatu vina tope na tope lile wanalifutia taulo nyeupe, halafu watu wa mashirika wanaokwenda kwenye kambi za wakimbizi Kasulu na Kibondo, na maofisa wa semina. Zamu yangu ilikuwa ya mchana, naingia saa moja asubuhi natoka saa kumi na moja jioni. Binti yangu mkubwa alikuwa akitoka shule ananisubiri pale getini kwenye kibanda cha askari na yunifomu yake, maana watoto wa wafanyakazi walikuwa hawaruhusiwi kuingia ndani, nikitoka tunarudi wote.

Sasa 2020 korona ilipoingia ndege zikasimama wageni wakakata kabisa, tukaambiwa nendeni nyumbani tutawaita. Baadae wenzangu wengine wakaitwa, mimi sikuitwa. Hakuna barua hakuna simu hakuna ahsante. Nikaenda mwenyewe mara mbili, mara ya pili yule askari ambaye kila Ramadhani nilikuwa namletea sombe ya futari akaniambia mama nisamehe nimeambiwa nisikuruhusu mpaka uwe na miadi. Nikageuka nikarudi Ujiji. Tangu hapo nachukua dagaa Kibirizi nauza, na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu kuanzia Mei 15 watu wasivue nikahamia kwenye mawese, maisha yanaenda alhamdulillah.

Basi mwezi uliopita binti yangu huyo mkubwa, anafanya kazi Dodoma sasa na Mungu amemfungulia, kanitumia picha kwenye simu. Nafungua naona chumba, nakijua kile chumba, naijua mpaka ile vigae iliyopasuka nyuma ya mlango wa bafu. Kanilipia siku tatu pale. Chumba cha mbele, brekifasti na chakula cha usiku. Akaniandikia mama umewatandikia watu miaka 16 nataka na wewe utandikiwe. Yeye mwenyewe atakuja siku ya mwisho tu kwa sababu ya kazi. Nilikaa chini.

Dada, sikufurahi. Nasema ukweli. Nilijikaza nikamjibu ahsante mwanangu lakini tumbo lilinikata. Yule supavaiza wa vyumba aliyepo sasa ni binti niliyempokea mimi, alikuja hajui kitu nikamfundisha kukunja pembe ya shuka mpaka ikae kama bahasha. Leo ndo aje kugonga mlango mimi nipo ndani nimelala? Watasema huyu mama kaja kutuonyesha. Meneja ni yuleyule. Na najijua nitaamka saa kumi na moja nitandike kitanda changu mwenyewe na nisugue sinki.

Halafu hela yenyewe. Siku moja ni laki mbili na nusu, mshahara wangu wa mwisho ulikuwa laki na sabini kwa mwezi. Mdogo wangu tunayeishi nae aliposikia akasema laki saba na nusu unaenda kuilalia wakati chumba cha nyuma kinavuja, hizo si bati ishirini na ushee? Na mimi naona ana haki. Tena naona kama mwanangu kachukua hela yake kawapelekea watu walionitupa.

Nikimwambia aombe arudishiwe ataumia, nikienda naona naenda kujidhalilisha. Zimebaki wiki mbili. Nishauri mwenzio.

Mama wa Ujiji

*

Shikamoo dada yangu. Mimi ni mdogo wako, umenizidi miaka tisa, kwa hiyo niongee na wewe kama mdogo anavyoongea na dada yake jikoni, naweza kusema nisichokijua na wewe utanirekebisha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona ni barua ya hoteli, mara ya pili nikaona ni barua ya bati, mara ya tatu nikaona kuna mambo kadhaa umeyafunga kwenye pindo moja la kanga na ukijaribu kuchomoa moja yanatoka yote. Mwanao amekupa zawadi hujaiomba. Zawadi yenyewe iko mahali ulipofanya kazi miaka 16 na ukatolewa bila neno la kwaheri. Watakaokuhudumia ni wale uliohudumu nao. Na nyumbani paa linavuja. Ndo nimeelewa hivyo, kama nimekosea mahali niambie.

Kwanza nikushukuru kwa kusema hukufurahi. Watu wengi wangeandika walivyofurahi halafu wakaficha hilo tumbo kukata. Kutofurahia zawadi sio kukosa shukrani dada, mwili wako umekumbuka kitu kabla kichwa hakijakumbuka, na ulichokumbuka ni geti lile.

Sasa nikuulize taratibu. Unaposema "watasema", ni nani hasa unayemuona akisema? Maana kwenye barua yako nimewaona watu watatu tu. Yupo binti uliyemfundisha pembe ya shuka, huyo hujanieleza hata neno moja baya alilokutendea. Yupo askari, na yeye alikuita mama na akaomba msamaha kabla ya kukuzuia, alitumwa. Halafu yupo meneja. Nahisi, na naweza kuwa nimekosea, kwamba uso mmoja wa meneja umeuvalisha kwa wafanyakazi wote. Jaribu kuwatenganisha kidogo uone kama hofu inabaki ukubwa uleule. Mimi siwezi kukudanganya kwamba wote watakupokea kwa vigelegele, inawezekana kabisa akatokea mmoja akanuna, na ukifikiria si lazima awe na roho mbaya, pengine anaona mwenzake wa zamani amelala kwenye shuka ambazo yeye anazifua na mama yake hajawahi kuzilalia. Hilo linauma hata kama humtakii mtu mabaya. Lakini kununa kwa mmoja na kuchekwa na hoteli nzima ni mambo mawili.

Kuhusu bati. Mdogo wako anasema kweli, maji yakiingia ndani hayaulizi kama ulienda hotelini au hukwenda. Ila kuna kitu naomba mkiangalie wote wawili. Je mwanao alikuwa na laki saba na nusu ya bati akaamua kuifanya ya hoteli, au hii ni hela aliyoiweka kwa kazi hii moja tu? Si lazima hoteli ikikataliwa bati zipatikane. Tena hela ikishalipwa hotelini mara nyingi hairudi yote, kuna bei ambazo ukilipa umelipa, na kuna ambazo unaruhusiwa kufuta bure mpaka siku kadhaa kabla ya tarehe, baada ya hapo wanakata siku ya kwanza au zaidi. Inategemea alilipia wapi, moja kwa moja hotelini au kupitia tovuti ya kuuza vyumba. Kwa hiyo kabla hamjaanza kuzihesabu bati muulizeni masharti yake yakoje, isije mkamkatalia mtoto zawadi na hela nayo ikabaki hukohuko. Kusogeza tarehe mbele mara nyingi ni rahisi kuliko kurudishiwa, na hiyo ingekupa nafasi ya kufikiri bila presha ya wiki mbili. Na huyo mdogo wako, samahani kama naingilia, amewahi kulipiwa kitu cha namna hii na mtu yeyote? Maneno ya bati wakati mwingine ni ya bati kweli, wakati mwingine mtu anaomba asisahaulike.

Nije kwenye mstari uliouandika kwa haraka ukaupita. Ule wa kibanda cha askari. Umeuandika kama maelezo ya zamu tu, lakini mimi nilikwama hapo. Mtoto ametoka shule, ana yunifomu, amekaa kwenye kiti cha askari anaangalia gari za wageni zinavyoingia na watoto wao wanashuka wanakimbilia ufukweni, na mama yake yupo mlemle ndani asikoruhusiwa yeye kufika. Miaka mingapi alikaa pale? Aliona nini? Sijui dada, na pengine hata wewe hujawahi kumuuliza kwa sababu mlikuwa mnarudi mmechoka mnawaza kupika. Angetaka kukupumzisha tu angekulipia hoteli nyingine, zipo, angekuita hata Dodoma ukapumzike kwake. Amechagua ileile. Inawezekana ni kutokufikiri tu, kijana kaona jina analolijua akabonyeza. Na inawezekana anataka kulifungua lile geti. Kama ni hivyo basi zawadi hii ni yake pia na sio ya kwako peke yako, na ndo maana nasita kukwambia ikatae, na nasita vilevile kukwambia uende, maana mtu hawezi kubeba kidonda chake na cha mwanae kwenye begi moja la siku tatu kama hajakubali kukibeba.

Na hapo kuna jambo linanisumbua kidogo, siku mbili za kwanza utakuwa peke yako. Yeye atafika siku ya mwisho. Yaani sehemu ngumu yote, kushuka kwenye bajaji, kujaza fomu ya mgeni risepsheni, kuonana na meneja, umeachiwa wewe. Nadhani hakujua. Mwambie. Kuna tofauti kubwa ya kupita lile geti ukiwa umeshikwa mkono na yule mtoto aliyekuwa anakusubiri nje na kulipita mwenyewe na begi lako.

Tukae sasa kwenye njia ulizonazo, maana umeniandikia mbili tu, kwenda au kukataa, mimi naona ziko zaidi.

Unaweza kwenda siku zote tatu kama ilivyopangwa. Ukichagua hivyo, yule binti supavaiza mpigie simu mapema umwambie mwanangu, nakuja tarehe fulani kama mgeni. Faida yake ni kwamba hakuna atakayeshtuka na wewe hutashtukizwa, yeye mwenyewe atajua akuweke vipi. Hasara yake ni kwamba habari itatangulia, na kama unaogopa midomo basi itakuwa imeanza kabla hujafika. Kuhusu kugongewa mlango hilo unalijua kuliko mimi, kile kikadi cha kuning'iniza kwenye kitasa kipo kwa kazi hiyo, ukikiweka hagongi mtu. Na kama utaamka saa kumi na moja utandike, tandika. Ni kitanda chako siku hiyo. Utamkuta binti wa zamu akiingia anakuta pembe imekaa kama bahasha, atajua nani amelala humo. Muulize tu mwanao mapema nini kimelipwa na nini hakijalipwa, maji ya kwenye friji, kufuliwa nguo, soda za ufukweni, vitu hivyo huwa vinakuja kwenye bili ya mwisho na sitaki ukasimame mbele ya kaunta ile unahesabu noti.

Unaweza kwenda na mtu. Chumba mara nyingi kinauzwa kama chumba, mtu wa pili anaongezewa kidogo au brekifasti tu, ulizeni. Mdogo wako, kwa mfano, au mjukuu. Mjukuu angeingia pale mahali mama yake alipozuiwa, sijui kama hilo linakugusa au linakutonesha. Kwa mdogo wako hatari ni kwamba akienda na hesabu ya bati kichwani atakutajia bei ya kila kijiko, na siku tatu zitakuwa ndefu. Lakini pia anaweza akanyamaza akaangalia maji, watu hubadilika wakipewa kiti.

Unaweza kuomba ipunguzwe iwe siku moja, ile ya mwisho mwanao akiwepo, na zilizobaki mzungumze kama zinaweza kugeuzwa. Hii inasikika vizuri masikioni na inaweza kumridhisha kila mtu nusu nusu, na hapo ndo wasiwasi wangu ulipo, isije ikawa umeenda kwa nusu moyo na paa nalo limepata nusu bati.

Unaweza kuomba abadilishe hoteli, ziwa ni hilohilo. Utapumzika bila kumbukumbu. Ila kama alichokuwa anakitafuta ni geti lile, utakuwa umepokea kitanda na kuirudisha zawadi.

Na unaweza kukataa kabisa. Sikulaumu. Kuna mahali mtu akishatolewa hataki tena kukanyaga na hiyo ni haki yake, sio kiburi. Lakini ukikataa, usimwambie ni kwa sababu ya bati kama sio bati. Akiambiwa bati atatuma hela ya bati na hatajua kamwe kwamba alikugusa mahali pabichi. Na mwaka kesho atajaribu tena.

Kuna suala la kwamba hela inakwenda kwa waliokutupa, hili naomba nilitenge kabisa na zawadi kwa sababu naliona linakula raha yote. Hayo ni madai dada na madai yana ofisi zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mtu aliyeachishwa kazi na mwajiri akiwa amefikisha mwaka na kuendelea anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili, isizidi miaka kumi, ukiondoa waliofukuzwa kwa makosa. Malalamiko ya kuachishwa yanatakiwa yafike CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, na ukichelewa inabidi uombe kuongezewa muda kwa sababu za msingi, kwa miaka iliyopita hiyo ni njia nyembamba sana sitaki kukupa matumaini ya bure. Lakini NSSF, ule mfuko wa pensheni, je? Umefanya miaka 16, hiyo ni miezi 192, na pensheni inataka michango ya miezi 180. Umri wa kustaafu kwa hiari ni 55 na wewe una 57. Kama walikuwa wanakukata na wanapeleka kweli, kuna kitu chako kimekaa pale. Chukua kitambulisho chako nenda ofisi ya NSSF hapo mjini uombe taarifa ya michango yako, ni asubuhi moja tu. Hiyo ifanye hata kama hotelini huendi. Nadhani hata meneja yule atapungua ukubwa kidogo machoni pako ukishajua nini chako na nini sio chako.

Kitu cha mwisho nilichokiona na sijui nikiweke wapi. Umesema zamu yako ilikuwa ya mchana, unatoka saa kumi na moja. Kwa Kigoma jua linazama karibu saa moja. Yaani miaka 16 wewe umewaandalia watu viti vya kutazamia jua likishuka nyuma ya Kongo na wewe hukuwahi kulitazama ukiwa pale. Ni kweli jua hilohilo linazama Ujiji na huko halilipiwi, mdogo wako angesema hivyo na angekuwa sahihi. Lakini usiku kama hakuna mwezi, wale wavuvi wa dagaa wanatoka na taa, maji yote yanakuwa kama mji umewashwa, na kesho yake asubuhi hao hao ndo unawapokea Kibirizi na ndoo yako. Utakuwa umewaona kutoka upande mwingine. Sisemi kwamba hilo linatosha kukufanya uende, nimeliona tu nikaona nisikae nalo.

Kabla ya kuamua lolote naomba umpigie mwanao. Usimpigie mchana akiwa kazini, mpigie jioni akiwa ametulia, na usianze na hela wala na tarehe. Muulize ulikuwa unawaza nini ulipokuwa unanisubiri pale kwa askari. Halafu nyamaza umsikilize, hata akikaa kimya muda mrefu usimkatishe. Ukishamsikia niandikie, hata mistari miwili, tutaendelea kutoka hapo.